Karkade, ukwaju au unga wa dola? Kinywaji cha ngozi na nywele kinacholipa Juba

Tuelewane mapema: hakuna kinywaji kinachootesha nywele. Mitishamba inayosifiwa sokoni inakupa maji, vitamini kidogo, na inakutoa kwenye soda. Kwa jua la Juba mwezi wa Machi hilo si haba, lakini usililipie bei ya muujiza.

Karkade, yaani maua makavu ya rosela, ndiyo ya kwanza kwa hesabu. Gramu 25 zinatosha lita moja, kwa hiyo robo kilo inakupa lita 10 hivi. Pale soko la Konyo Konyo idai kwa mizani. Ukipimiwa kwa kopo, ligeuze kwanza uone kitako: yapo yaliyobonyezwa kwa ndani, na karkade ni nyepesi, ukirushiwa bila kushindiliwa unabeba hewa. Chukua konzi moja, itikise juu ya kiganja. Mchanga ukibaki, ujue unao kwenye mizani pia. Ile iliyosagwa iache. Huwezi kujua imesagwa pamoja na nini.

Iliyokwisha kutengenezwa, ya kwenye vifuko vya nailoni, inaonekana rahisi kwa sababu unalipa kidogo kidogo. Lakini humo mna barafu, kazi ya mwenzako, na maji ambayo hujui yalitoka tangi gani. Mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa nchini Oktoba 2024, kwa hiyo ukiuliza habari za maji mtu asikwambie unaringa.

Sasa tuje kwenye kinachokula pesa kweli: sukari. Wengi hutia gramu 100 kwa lita. Maana yake robo kilo ya karkade inameza kilo nzima ya sukari, na sukari yetu inakuja kwa malori kupitia mpaka wa Nimule, bei yake ikifuata dola. Piga hesabu ya vyote viwili kabla hujasema karkade ni rahisi. Tena Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongeza kwa siku, na zikiwa 25 ni bora zaidi. Nusu lita tu ya kinywaji hicho imemaliza gramu 50 zote. Kata sukari nusu, tia tangawizi na kijiti cha mdalasini. Baada ya wiki ulimi utazoea.

Mkaa nao una bei. Karkade haihitaji kuchemshwa: iloweke usiku kucha katika maji yaliyokwisha kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini, asubuhi chuja. Kama huna friji, tengeneza ya siku moja tu. Yenye sukari huanza kuchacha upesi kwa joto hili, na ukiimwaga umemwaga maji, sukari na karkade kwa pamoja.

Ukwaju, ambao hapa wengi wanauita aradeb, una ladha nzuri na bonge lake hukaa miezi. Tatizo ni kipimo. Lita moja inataka gramu 100 hivi, na ndani ya uzito huo mna mbegu na nyuzi za kutupa. Robo kilo haizidi lita mbili na nusu. Basi kanuni ni hii: ukwaju ukizidi robo ya bei ya karkade kwa kilo, karkade ndiyo nafuu. Anayesumbuliwa na choo kigumu ndiye mwenye sababu ya kuupendelea.

Hulba, yaani uwatu, ni ya kijiko kimoja kwa kikombe, na mbegu zikiwa kavu hukaa mwaka. Ni rahisi, lakini ushahidi kwamba inazuia nywele kukatika ni mdogo, na jasho lako litanukia hulba. Mjamzito asiinywe kama dawa. Anayemeza vidonge vya kisukari aulize kwanza, kwa kuwa nayo hushusha sukari mwilini. Vivyo hivyo karkade kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu.

Unga wa mlonge wa kopo, uliotoka nje, sioni sababu ya kuununua. Mti wenyewe unaota kwa mbegu na kukua haraka kwenye joto kama la hapa. Omba majani kwa jirani, yakaushe kivulini, kisha uyasage. Jua huyaharibu rangi. Unga mzuri ni wa kijani, wa kahawia umechakaa. Na ni bora uutie kwenye mchuzi kuliko kuunywa, maana kijiko kimoja ndani ya maji ya moto hakijazi tumbo la mtu.

Unga wa kolajeni na chai za “kusafisha mwili” ndizo ghali kuliko zote. Muuzaji anabadilisha bei kwa dola ya asubuhi ile, kisha ujumlishe nauli ya boda. Soma maandishi ya pakiti: nyingi za chai hizo zina sanamaki, ambayo kazi yake ni kuharisha. Ngozi haipati kitu hapo, unapoteza maji tu. Pakiti isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, rudisha hata ukipunguziwa bei.

Kwa mwenye pesa kidogo wiki hii: robo kilo ya karkade kwa mizani, nusu kilo ya sukari, kipande cha tangawizi. Kinachobaki nunua maharage na mboga za majani, na chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Kama nywele zimekatika miezi kadhaa na unachoka bila sababu, usinunue kinywaji chochote kati ya hivi. Pesa hiyo ipeleke maabara, ukapime wingi wa damu.