Kukakamaa, Ukakamavu na Mawimbi ya Kishindo

Mtu aliyevunjika mguu, akafungwa plasta au gango kwa majuma kadhaa, aghalabu hufunguliwa mfupa umekwisha kuunga lakini goti halikunjiki. Kiungo kisiposogezwa, kifuko kinachokizunguka husinyaa na kuwa kigumu, na misuli yake hufupika. Hali hiyo tuiiteje?

Mfasiri mwenye haraka ataandika "ukakamavu wa viungo". Istilahi hiyo haifai. Jeshini na shuleni ukakamavu ni sifa njema, nayo mazoezi ya viungo ndiyo yanayoileta. Mgonjwa akisoma kwamba tiba fulani "huzuia ukakamavu wa viungo", atadhani inamnyima siha. Twapendekeza *kukakamaa kwa kiungo*, kwa kuwa hapo hutajwa jambo linalokipata kiungo, wala si sifa ya mtu.

Istilahi ya pili ni ya tiba yenyewe. Mashine hutoa mapigo ya kanieneo inayopanda ghafula, nayo hupenya ngozi hadi ndani ya mwili pasipo kupasua. Mapigo hayo yalitumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwezi Februari 1980, kuvunja mawe ya figo. Baadaye yakatumiwa pia kwa maumivu ya kisigino na ya kano. Wako wanaoyaita "mawimbi ya mshtuko". Lakini mgonjwa akisikia mshtuko, hukumbuka moyo au umeme, ilhali mapigo haya hayapitishi umeme mwilini. Mtu aweza kuikataa tiba kwa sababu ya jina tu. Twapendekeza *mawimbi ya kishindo*: kishindo cha mlango uliobamizwa husikika, hutikisa, wala hakina umeme.

Jambo la tatu ni kitenzi. Uchunguzi kuhusu mawimbi haya na kukakamaa kwa kiungo kilichofungwa umefanywa zaidi kwa wanyama, kama vile sungura. Basi mwandishi akisema "huenda yakapunguza", mfasiri asiandike "huzuia", wala asijifiche nyuma ya "tiba ya kukakamaa", maana Kiswahili husema *dawa ya homa* na *dawa ya mbu* bila kubagua kuponya na kukinga.

Tegemeo kubwa la mgonjwa bado ni kuanza mapema kukisogeza kiungo, kwa kadiri tabibu anavyoruhusu. Hatuna budi kuhakikisha kwamba agizo hilo, kuliko lote jingine, linaeleweka.