Kutoka Molasi hadi Kitakasa Mikono

Muuguzi wa Temeke au Kinondoni anapotakasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, ni nadra kukumbuka kwamba kimiminika hicho chaweza kuwa kimetokana na masalia ya kiwanda cha sukari. Huko Kilombero, mkoani Morogoro, molasi inayobaki baada ya sukari kutolewa huchachushwa kwa hamira, kisha huchemshwa na mvuke wake kupozwa ili kupata ethanoli. Kaboni iliyomo ilivutwa na muwa kutoka hewani; haikuchimbwa ardhini kama ile ya petroli.

Kwa lita 10 za kitakasa mikono, Shirika la Afya Duniani huelekeza mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini. Kiasi kilichosalia ni maji yaliyochemshwa yakapoa. Gliserini nayo ni zao la pembeni la utengenezaji wa sabuni. Mchanganyiko hukaa saa 72 kabla ya kutumika.

Methanoli kamwe isitumike badala ya ethanoli, kwani hupofusha na kuua. Kitakasa mikono kiwekwe mbali na moto na watoto. Na majitaka ya kiwanda yakiachiwa mtoni bila kusafishwa, tutakuwa tumetakasa mikono na kuchafua maji ya kunywa.