Fleti bila hati ni mtaji uliolala

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

WAFANYABIASHARA wa Jiji la Dar es Salaam wamebadili swali. Zamani mtu aliyepata faida nzuri alitafuta kiwanja Tabata au Mbezi, akachimba msingi, akajenga taratibu kadiri fedha zilivyoingia. Siku hizi wengi wanauliza bei ya fleti ya vyumba viwili au vitatu Upanga, Kariakoo, Kinondoni au Mikocheni. Wanataka ghorofa jipya lenye lifti, jenereta, walinzi getini na mahali pa kuegesha gari.

Sababu zinaeleweka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja, lakini ardhi ya karibu na maduka na ofisi ni ile ile. Mwenye duka Kariakoo anayeishi mbali hupoteza saa kadhaa barabarani kila siku, na muda huo nao ni fedha.

Safu hii haina ugomvi na fleti. Lakini katika pitapita yetu tumeona wanunuzi wakikagua vigae, makabati ya jikoni na upepo wa baraza, kisha wakalipa bila kuuliza jambo lililo kubwa kuliko yote: je, fleti hii ina hati yake yenyewe? Kwa mtu anayeishi kwa kuzungusha mtaji, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama amenunua mali au amenunua mahali pa kulala tu.

MFANO WA MWENYE VITENGE

Tuseme mfanyabiashara wa vitenge amelipa Sh. milioni 150 taslimu kwa fleti ya vyumba vitatu. Miaka miwili baadaye anapata nafasi ya kuagiza kontena kwa bei nzuri, naye amepungukiwa Sh. milioni 60. Anakwenda benki akiwa na uhakika, maana dhamana anayo.

Ofisa mikopo anamwomba hati. Yeye anatoa mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, pamoja na stakabadhi za malipo. Ofisa anasoma, anarudisha karatasi na kumweleza kwamba benki haiwezi kuandikisha rehani juu ya mkataba wa mauziano. Hati ya kiwanja ipo, lakini ina jina la mjenzi, nayo ni ya jengo zima.

Kontena linachukuliwa na mwingine. Mfano huu tumeutunga ili hoja ieleweke, lakini anayeijua Kariakoo hatauona mgeni. Milioni 150 zimo ndani ya kuta, wala hazina mlango wa kutokea.

HATI MOJA, WENYE NYUMBA AROBAINI

Tatizo hili lina historia. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi Sh. 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962. Kwa miaka hiyo yote, aliyeishi ghorofani katikati ya jiji kwa kawaida alikuwa mpangaji. Jengo zima lilikuwa na hati moja, na haja ya kumgawia mtu umiliki wa ghorofa ya tatu peke yake haikuwa kubwa.

Mambo yalibadilika mwaka 2008, ilipotungwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya mwaka huo. Kwa mujibu wa sheria hii, mwenye jengo huandikisha ramani inayoonyesha kila sehemu na mipaka yake. Kila fleti hupata hati yake, ambayo mwenyewe anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani. Ngazi, lifti, paa, uzio na ardhi yenyewe hubaki mali ya pamoja, kila mmoja akiwa na fungu lake.

Mwaka huo huo ikatungwa pia Sheria ya Mikopo ya Nyumba, Na. 17, na baadaye benki nyingi zikaanza kutoa mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Sheria hizi mbili zinategemeana, kwa kuwa bila hati hakuna rehani, na bila rehani hakuna mkopo wa nyumba.

Mnunuzi akumbuke pia kwamba ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Fleti haiwezi kuishi zaidi ya kiwanja chake. Kama hati ya kiwanja ni ya miaka 33 na 20 imekwisha, unanunua miaka 13 pamoja na matumaini ya kuongezewa muda. Uliza tarehe ya kuanza kwa hati kabla hujauliza rangi ya vigae.

KARATASI TATU UTAKAZOONYESHWA

Ukienda kununua, muuzaji atakuonyesha moja kati ya karatasi tatu.

Ya kwanza ni hati ya sehemu ya jengo yenye jina la muuzaji. Hii ndiyo bora. Peleka namba yake kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi. Upekuzi utaonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio.

Ya pili ni mkataba wa pango la muda mrefu uliotolewa na mwenye kiwanja. Nao si mbaya ikiwa umesajiliwa, maana una nguvu kisheria. Lakini thamani yake hupungua kadiri miaka inavyopita, na mara nyingi utahitaji kibali cha mwenye kiwanja ukitaka kuuza au kukopa. Bei yake iwe chini ya ile ya fleti yenye hati.

Ya tatu ni mkataba wa mauziano na ahadi kwamba "hati zinashughulikiwa". Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mkataba huo unakupa madai dhidi ya muuzaji. Haukupi jina kwenye daftari la Serikali. Na kama mjenzi aliweka kiwanja rehani ili apate fedha za kujengea, benki yake imekutangulia. Akishindwa kulipa, benki itadai jengo lote, pamoja na fleti uliyokwisha kulipia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Si kila ahadi ya namna hiyo ni ya kitapeli. Kuandikisha ramani na kugawa hati huchukua muda. Lakini subira hiyo ina bei, na bei hiyo ailipe muuzaji. Bakiza sehemu kubwa ya fedha, tuseme robo au theluthi, ilipwe siku hati itakapotoka kwa jina lako, na jambo hilo liandikwe ndani ya mkataba. Kama kuna rehani, ipatikane barua ya benki inayosema fleti yako itaachiliwa kwa malipo gani.

KUNUNUA KWENYE RAMANI

Wapo wanaonunua jengo likiwa bado ramani, kwa kuwa bei huwa nafuu. Unafuu huo ni malipo ya hatari unayoibeba, maana unakuwa umemkopesha mjenzi bila riba. Hata miradi mikubwa husimama: Morocco Square na Kawe 711 ya NHC ilikwama kwa miaka kadhaa mwishoni mwa miaka ya 2010 kabla ya kufufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2020. Shirika la umma linaweza kusubiri fedha. Mfanyabiashara mdogo aliyeng'oa mtaji wake dukani hawezi.

Kama ni lazima, lipa kwa hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi au mkadiriaji majenzi wako, wala si kwa tarehe za kalenda. Ikiwezekana fedha zikae kwenye akaunti ya amana inayosimamiwa na benki au wakili.

HESABU YA PANGO

Sasa tuje kwa anayenunua ili apangishe. Tuchukue fleti ile ile ya Sh. milioni 150, ipangishwe kwa Sh. 900,000 kwa mwezi. Hesabu ya mwaka ni hii:

Pango la miezi 12: Sh. 10,800,000
Mwezi mmoja bila mpangaji: toa Sh. 900,000
Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango lililopokelewa: toa Sh. 990,000
Ada ya huduma za pamoja, Sh. 150,000 kwa mwezi: toa Sh. 1,800,000
Matengenezo: toa Sh. 600,000
Kinachobaki: Sh. 6,510,000

Hiyo ni asilimia 4.3 ya fedha ulizoweka. Dalali atakutajia asilimia 7.2, kwa sababu anagawa pango zima kwa bei ya kununulia na kuishia hapo. Ikumbukwe kwamba hatifungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa riba ya tarakimu mbili kwa miaka mingi, bila mabomba kupasuka. Fleti itashinda tu ikiwa bei yake itapanda, na kupanda kwa bei kutakufaa ikiwa unaweza kuuza. Hapo tunarudi kwenye hati.

Mkopo nao una hesabu yake. Sh. milioni 100 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, hulipwa kwa takriban Sh. milioni 1.4 kila mwezi. Hadi mwisho utakuwa umelipa kama Sh. milioni 252. Pango la Sh. 900,000 haliwezi kubeba rejesho hilo. Tofauti itatoka dukani kwako kila mwezi.

Zipo gharama nyingine za kuulizia mapema. Kwa fleti mpya, je, bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake? Kama haina, milioni 150 zinakuwa milioni 177. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya bei. Kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji, lakini uhamisho wa hati hukwama asipoilipa. Na ukitajiwa bei kwa dola, kumbuka kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni nchini.

UMEINGIA UBIA NA MAJIRANI

Anayenunua fleti anaingia ubia na watu asiowachagua. Sheria ya mwaka 2008 inawaunganisha wenye fleti katika chama kinachotunza mali ya pamoja na kukusanya michango. Chama kikilala, lifti inasimama, pampu ya maji inaungua, jenereta linakosa mafuta, na bei ya kila fleti inashuka, hata ya yule aliyelipa ada zake zote.

Kwa hiyo omba kuona hesabu za chama. Wangapi hawajalipa? Kuna akiba ya kubadilisha lifti? Jengo limekatiwa bima? Nenda siku ya kazi jioni, si Jumapili asubuhi. Panda ngazi mpaka juu, fungua bomba, muulize mlinzi umeme ukikatika nini hufanyika. Mlinzi anajua mengi kuliko dalali.

Uimara wa jengo usikisiwe kwa macho. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Uliza kibali cha ujenzi na linganisha idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na zile unazoziona. Hakikisha mkandarasi na mhandisi wamesajiliwa na bodi zao. Ghorofa lililozidi kibali si nafuu hata kwa nusu bei.

KABLA YA KULIPA

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu. Kwanza, upekuzi kwa Msajili wa Hati, ufanywe na wakili wako, si wa muuzaji. Pili, mthamini aliyesajiliwa akupe bei yake, maana dalali hula kwa bei kubwa. Tatu, hesabu za chama na risiti za kodi ya pango la ardhi. Nne, kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa na fleti ni makazi ya familia, ridhaa ya mwenzi kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa. Tano, kama unamnunulia ndugu aliyechukua uraia wa nje, jina la kuandikwa kwenye hati lizungumzwe na wakili kabla fedha hazijatumwa, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inambana asiye raia. Fedha ziwe za mwisho, zipite benki, wala si kwenye mfuko wa rambo.

Utaambiwa kuna mtu mwingine analipa kesho asubuhi. Kama hati haijaonekana, mwache huyo wa kesho alipe.