Ubao wa Fundi Rangi

Ni ubao wa msindano, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Nusu moja imepakwa krimu, nusu nyingine rangi ambayo fundi mwenye ubao anaiita maziwa. Nilipouona dukani Makambako nilidhani ni rangi moja. Fundi akautoa juani: krimu ikaonyesha umanjano wake, maziwa ikaonyesha wekundu wa mbali, kama chai iliyozidishwa maziwa.

Tukapanda nao hadi Njombe, kilomita zipatazo 60. Ilikuwa Juni. Akausimamisha kwenye ukuta wa chumba cha kulala chenye dirisha la kusini, ukungu umetanda juu ya miti. Krimu ile iliyong'aa Makambako ikapooza, ikawa na ukijani kama wa limau changa. Maziwa ikabaki na uvuguvugu wake. Nilirudi kuitazama mara tatu.

Fundi hashangai. Mwanga wa ukungu una ubuluu, anaeleza, na manjano ikikutana na ubuluu huelekea kwenye kijani. Miti ya nje nayo huongeza ukijani wake. Nyumba aliyokuwa akiipaka Makambako ina uwanja wa udongo mwekundu, na udongo ule hurudisha ndani mwanga wa joto. Huko krimu inajitosheleza. Lakini hata Njombe huikubali krimu kwenye chumba cha dirisha la kaskazini, kwa kuwa Juni jua letu hupita upande huo. Ndiyo maana hashauri rangi kwa simu.

Wala hahukumu rangi mbichi. Rangi ya maji hukolea ikikauka, kwa hiyo hupiga mikono miwili, akasubiri, akaitazama asubuhi, mchana, na usiku chini ya taa ileile itakayotumika.

Siku hiyo ya kutazama hailipwi. Yeye hulipwa kwa chumba, na mwenye nyumba akimkuta ameketi mbele ya ubao huona uvivu. Nilimuuliza nani aigharimie siku hiyo. Akaufuta ubao vumbi, hakujibu. Je, jicho la fundi si kazi, ila brashi tu?

Unayejenga mwaka huu, usinunue ndoo ya lita 20 kwa kutazama kadi dukani. Nunua kopo dogo, paka ubao, uusimamishe kutwa kwenye ukuta wako. Na siku hiyo, mlipe fundi.