Mshipa na Neva: Mpangilio wa Mfumo wa Fahamu kwa Wanyama Wenye Pande Mbili Zinazolingana

Hapa Uvira, kama kwingineko katika Uswahili, neno mshipa hubeba zaidi ya maana moja: hutaja njia ya damu, na pia uzi upelekao habari mwilini. Makala haya yatautaja uzi huo kwa istilahi neva, na kufafanua jinsi neva zilivyopangwa kwa wanyama ambao kulia kwao kunalingana na kushoto.

Tuanze na mnyama asiye na mpangilio huo. Katika Ziwa Tanganyika yumo konyeza mdogo, mwenye umbo la mwavuli. Hana mbele wala nyuma, hana kulia wala kushoto. Kwa hiyo neva zake zimetandaa kama wavu, wala hana ubongo.

Kinyume chake, mnyama aendaye akitanguliza upande mmoja hukutana na chakula na hatari kwa upande huohuo. Ndiyo sababu viungo vya hisi, pamoja na ubongo, kwa kawaida hukusanyika kichwani. Kutoka hapo ugwe wa neva hufuata urefu wa mwili, ukitoa matawi kulia na kushoto. Mvuvi anao mifano miwili kwenye ndoano yake. Katika nyungunyungu aliye chambo, ugwe hupita chini ya utumbo. Katika samaki, kama kwetu sisi, hupita juu, ndani ya uti wa mgongo.

Ieleweke kwamba pande hizo hazikutengana. Samaki wa ziwa letu aitwaye Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wengine. Kinywa chake kimepinda: aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia, kama Mjapani Michio Hori alivyoeleza mwaka 1993. Katika ubongo wa nyuma wa samaki wengi mna jozi ya seli kubwa za neva, ziitwazo seli za Mauthner. Uzi wa kila seli huvuka na kuamuru misuli ya upande wa pili, mwili ukajikunja ghafla.

Kwetu sisi pia amri za ubongo huvuka. Kiharusi kikiipata nusu ya kushoto ya ubongo, mkono wa kulia ndio hulegea. Hapo mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na seli za neva zimekosa damu. Muuguzi mwenye neno moja tu, mshipa, ataielezaje jamaa ya mgonjwa tofauti hiyo? Istilahi, basi, si pambo la wasomi.