Rangi ya "Usinione"

Likizo iliyopita nilifanya kibarua kwa mjomba wangu, fundi rangi wa hapa kwetu Mirongo. Tulipata kazi kwenye bustani moja ya sherehe. Mwenye bustani alitaka vitu vitatu visionekane kwenye picha za maharusi: tanki la chuma, banda la jenereta na mifuniko ya chemba za majitaka.

Nikajifanya mjuaji. Bustani ni kijani, si tupake kijani tu? Nikapaka ubavu mmoja wa tanki kwa kijani cha kopo, kile kinachowaka. Aisee, likaonekana kuliko mwanzo!

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, jani gani linang'aa hivyo?" Akachanganya upya: nyeusi kidogo, nyeupe kidogo, na nyekundu kiduchu, maana nyekundu huua ukali wa kijani. Ikatoka rangi iliyochoka, kijani si kijani, kijivu si kijivu. Tukapaka bila mng'ao, na tanki likapotelea nyuma ya miembe.

Baadaye nilisoma nikakuta Disney wanafanya hivyohivyo. Disneyland, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1955 huko Anaheim, Marekani, hupaka nyuzio, mapipa ya taka na kuta za nyuma za majengo kijani cha aina hiyo. Jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni kama "kijani cha potelea mbali". Majengo marefu hupewa bluu iliyofifia ili yamezwe na anga.

Siri yenyewe ni hii: jicho halikagui kila kitu. Linakimbilia penye tofauti, yaani rangi kali, mng'ao, au ukingo uliokatika ghafla. Majani halisi yamejaa vivuli, kwa hiyo ukiyatazama kwa mbali rangi yake ni hafifu. Ukiua ukali na mng'ao, jicho linapita tu. Ndiyo maana minara mirefu ya simu hupakwa mistari ya nyekundu na nyeupe: pale tunataka rubani aione.

Sasa sikia kilichotokea. Usiku wa sherehe ya kwanza, kijana aliyebeba kreti la soda alikanyaga mfuniko wa chemba ambao haukufungwa vizuri. Mguu ukazama hadi gotini. Hakuuona. Angeuonaje, wakati mimi mwenyewe ndiye niliyeupaka ufanane na nyasi?

Tangu siku hiyo natazama mtaa wetu kwa jicho jingine. Vilima vya Mwanza ni majabali matupu, huwezi kuchimba, kwa hiyo kuna mabomba yanayopita juu ya mawe. Watu husema yanaharibu mandhari. Lakini bomba la majitaka linaloonekana, likipasuka, mama anayepita asubuhi atapiga kelele. Likifichwa, uchafu utateremka kimyakimya hadi Mto Mirongo, na mto wetu unaishia Ziwa Victoria.

Kwa hiyo bweni letu likipakwa rangi, tukubaliane hivi: tanki na nguzo za kuanikia nguo, zifichwe. Chemba, sanduku la umeme na mtungi wa kuzimia moto, viwake. Kinachochukiza tu unaweza kukificha. Kinachoweza kumvunja mtu mguu, kipake rangi ya kupiga kelele.