Vita vya Majimaji: Njaa iliwamaliza Wangoni kuliko risasi

Kila mwishoni mwa Februari, Songea hukumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Na kila mwaka swali linarudi: Wangoni, watu wa vita kwelikweli, walishindwaje?

Jibu la mtaani ni jepesi: dawa ya Kinjikitile haikugeuza risasi kuwa maji. Ni kweli, ila ni nusu tu ya ukweli. Watu waligundua mapema kwamba dawa haifanyi kazi, lakini vita viliendelea hadi 1907. Kilichowamaliza ni njaa, tena njaa iliyopangwa.

Walizoea vita vifupi

Wangoni waliingia vitani Septemba 1905, wiki chache baada ya moto kuwaka Umatumbi. Walizoea kwenda kwa vikosi vikubwa, kushambulia kwa pamoja na kumaliza kazi haraka. Lakini mbele ya bunduki za rashasha, kundi kubwa ni shabaha kubwa. Oktoba mwaka huohuo kambi yao ya Namabengo ikavunjwa.

Hapo wakabadili mbinu: vikundi vidogo, kuvizia, kupiga na kutokomea porini. Chabruma, mtawala wa Mshope, alikuwa mmoja wa walioendelea hivyo.

Mbinu ilikuwa sahihi. Shida ni kwamba vita vya kuvizia huchukua muda mrefu, na muda mrefu unadai vitu vitatu: chakula, silaha na mahali salama pa kurudi. Chakula cha wapiganaji kilikuwa kilekile cha familia zao, yaani kilichomo ghalani na shambani. Akiba ya vita haikuwepo.

Wajerumani walifanyaje?

Gavana Götzen naye alikuwa na askari wachache kwenye nchi kubwa. Aliomba msaada, Ujerumani ikamtumia manowari na askari wa majini. Hata hivyo, kumsaka mtu mmojammoja porini ni kazi isiyoisha.

Kwa hiyo maofisa wake wakalenga chakula. Vijiji vilichomwa. Nafaka ililiwa na askari, iliyobaki ikateketezwa.

Sasa angalia kalenda ya kilimo Songea. Mvua huanza Novemba au Desemba, mavuno huanza karibu na Mei. Ukimzuia mtu kupanda Desemba, umemnyima chakula cha mwaka mzima unaofuata. Na mbegu ikichomwa, hata msimu wa pili uko mashakani.

Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Wanahistoria wengi hukadiria 250,000 hadi 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Chabruma alikimbilia upande wa Wareno na kuuawa hukohuko.

Mto uleule, vita vingine

Tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilianza vita dhidi ya Wareno ng'ambo ya Mto Ruvuma. Nao walikuwa na silaha duni kuliko adui, wakapigana kwa kuvizia. Wareno nao walijaribu kuwatenga na chakula, wakihamishia wanakijiji kwenye makazi yanayolindwa na jeshi.

Tofauti ni kwamba FRELIMO walikuwa na pa kuegemea. Wapiganaji walifundishwa Kongwa na Nachingwea. Majeruhi walitibiwa Mtwara. Misaada ilipitia Kamati ya Ukombozi ya OAU, yenye makao Dar es Salaam. Ghala lao lilikuwa nyuma ya mpaka, na Wareno hawakuweza kulifunga. Baada ya miaka kumi, Septemba 1974, Ureno ilisaini makubaliano ya Lusaka na njia ya uhuru ikafunguka.

Ushujaa ulikuwepo katika vita vyote viwili. Kilichokosekana 1905 ni maandalizi ya kukaa vitani muda mrefu, dhidi ya adui aliyekuwa tayari kuua kwa njaa hata mama na mtoto wasioshika mkuki.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea na kuomba msamaha. Pale walionyongwa wana kaburi lao la pamoja. Waliokufa njaa ni wengi zaidi, na wengi wao hawana hata alama ya mahali walipolala.